Katavi, Nchi ya Mkwaju na Mwembe

Reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda ina urefu wa kilomita 210, na ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilitarajia makubwa kutoka mgodi wa Mukwamba, uliokuwa chini ya kampuni ya Uruwira, ikaisukuma njia ya chuma kupita miyombo na mbuga za mto Ugalla hadi ikafika Mpanda mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Wazungu wa madini wakafunga mizigo na mitambo ikanyamaza, lakini treni ikabaki, na mji nao ukabaki.

Msafiri anayekuja kwa treni hiyo mwezi wa Novemba hahitaji kuambiwa ameingia nchi gani. Treni ikisimama tu, akina mama na watoto wanajaa madirishani, mabeseni kichwani: maembe ya kienyeji yenye nyuzi, ndizi mbivu, karanga za kuchemsha, asali ya porini ndani ya chupa za maji, na mafungu ya matunda ambayo mtu wa Dar es Salaam hayajui hata majina. Nunua. Kula humo humo ndani ya behewa, maji ya embe yakichuruzika hadi kwenye viwiko. Hiyo ndiyo namna bora ya kuanza kuifahamu Katavi.

Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa. Wageni wachache waujuao wanaujua kwa wanyama: viboko wanaobanana matopeni Sitalike wakati wa kiangazi, nyati wanaotembea kwa mamia kwenye mbuga ya Chada, simba wanaowanyemelea. Sifa hizo ni za haki. Ila nimekuja kuisifu Katavi kwa jambo ambalo vitabu vya watalii hulipita haraka, nalo ni miti yake ya matunda. Hapa watu huomba chini ya mti wa matunda, huujua mpaka kwa mti wa matunda, humkumbuka marehemu kwa mti alioupanda, na mgeni hupanda mwembe pale anapotaka watu wajue kwamba amekuja kukaa. Anayeipita Katavi akitazama wanyama peke yao ameiona nusu.

Kusifu nchi kwa miti yake ni desturi ya kale. Mwaka 37 kabla ya Kristo, Mrumi aitwaye Varro, akikaribia umri wa miaka 80, aliandika kitabu cha kilimo. Mwanzoni mwa kitabu hicho marafiki kadhaa wamekaa katika hekalu la Tellus, mungu wa ardhi, mbele ya ramani ya Italia iliyochorwa ukutani. Wanaitazama, wanaulizana ni nchi gani iliyolimwa vizuri kuliko yao, na mmoja anasema kwamba Italia imejaa miti hata yote inafanana na shamba moja la matunda. Watu wa dola iliyokuwa ikitawala sehemu kubwa ya pwani za Mediterania, wakitafuta la kujivunia, walijivunia miti. Nilipofika Katavi niliwaelewa.

Mwindaji wa mkwajuni

Kutoka Mpanda hadi Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni safari fupi ya lami. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998, na sasa ina kilomita za mraba 4,471. Jina lake ni la Katabi, mzimu wa Wabende, ambaye masimulizi humtaja kuwa mwindaji hodari wa zamani. Makao yake ni mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Watu wanaotafuta baraka zake bado huacha sadaka shinani pa mti huo.

Kwa nini mkwaju? Njoo mwezi wa Agosti utaona mwenyewe. Wakati huo mto Katuma umepungua hadi kuwa madimbwi, nyasi zimekauka, miyombo imepukutisha majani, na upepo unabeba vumbi la majivu ya moto wa porini. Mkwaju unabaki na kivuli. Mara nyingi umesimama juu ya kichuguu, mahali palipoinuka ambapo mafuriko ya masika hayafiki, na mizizi yake inakunywa kutoka chini sana. Isitoshe, ndio msimu wake wa kuzaa. Ukwaju huiva wakati wa kiangazi, siku ambazo sehemu kubwa ya pori haina kitu cha kutoa. Tembo hutikisa mti, nyani huupanda, swala huokota ukwaju unaoanguka. Binadamu naye huchuma, akaukoroga kwenye maji kuwa kinywaji cha kukata kiu, akautia kwenye uji, akampa mwenye homa na mwenye tumbo gumu.

Sasa mfikirie mwindaji wa zamani asiyekuwa na bunduki. Angemsubiri mnyama wapi katika nchi kavu kama si chini ya mti unaozaa? Mti huo unampa kivuli na dawa, unamlisha, na unamletea mawindo. Wabende walipomweka Katabi mkwajuni, walikuwa wanasema kitu cha kweli kabisa kuhusu pori lao: kwamba uhai wa kiangazi unashikiliwa na mti mmoja wa matunda, na kwamba mti wa namna hiyo huukaribii bila adabu.

Roma nayo ilikuwa na mti wake. Katikati ya mji, mahali pa mikutano ya wananchi, palikuwa na mtini uliohusishwa na Romulus na Remus, wale pacha wa masimulizi walionyonyeshwa na mbwamwitu chini ya mtini. Mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba mwaka 58 baada ya Kristo mti huo ulianza kunyauka, watu wakaona ni ishara mbaya, mpaka ulipochipua tena. Mji mkubwa kuliko yote katika ulimwengu wao, wenye mahekalu ya marumaru na majeshi kila upande, ulitiwa wasiwasi na mtini mmoja. Warumi walikuwa pia na Pomona, mungu wa kike wa matunda ya miti, na kuhani maalumu wa kumhudumia. Kwa hiyo anayedhani kumwekea sadaka Katabi ni mambo ya watu wa pembezoni wasiojua dunia, ajue kwamba dunia ilikwisha kufanya hivyo kwenye makao makuu yake.

Mipaka ya hifadhi ilipochorwa, mkwaju ulibaki ndani. Mwenyeji na mgeni wote sasa hupita langoni na kuongozwa na askari wa hifadhi. Ukipelekwa, usiguse kilichoachwa shinani wala usiokote ukwaju wa kwenda kuwaonyesha watu nyumbani. Ukwaju wa kununua umejaa sokoni.

Makusu hayana shamba

Soko la Buzogwe, mjini Mpanda, ndipo pori linapokutana na mji. Upande mmoja kuna mchele wa Mwamkulu na Kakese, maharage, na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Upande mwingine wamekaa akina mama wa matunda, kila mmoja na sado yake ya kupimia na mafungu yaliyopangwa juu ya kiroba. Kulingana na msimu utakuta ukwaju, ubuyu, furu nyeusi zinazobadilisha rangi ya ulimi, mbula zenye ladha ya unga mtamu, matonga yenye ganda gumu la kupasua kwa jiwe, na mvua zinapoanza, makusu: matunda ya mviringo ya rangi ya kahawia, nyama yake tamu ya kunata, ambayo hula moja ukaacha.

Nilimwamkia mama mmoja, akaniitikia na kunionjesha kusu kabla hata sijauliza bei. Nikamuuliza kama shamba lake la makusu liko mbali.

"Shamba? Makusu hayana shamba, mwanangu. Ni ya Mungu hayo."

"Kwa hiyo mtu yeyote anachuma popote?"

"Porini, ndiyo. Lakini ukiyakuta kwenye shamba la mtu, unabisha hodi. Utakula ushibe, hakuna wa kukukataza. Ila usijaze kiroba bila kumwambia mwenyewe."

Katika maneno hayo mna sheria kamili. Inatofautisha tumbo na biashara. Inamlinda mpita njia mwenye njaa, na inamlinda mwenye shamba dhidi ya mchuuzi. Ukizunguka vijiji vya Nsimbo au Mlele utaona ushahidi wake kwa macho: mkulima amefyeka msitu, amechoma, amepanda mahindi au karanga, lakini katikati ya shamba ameacha mkusu umesimama, kule mbula, na pembeni mtonga. Miti hiyo inampunguzia nafasi ya jembe na inatia kivuli mahindi yake, na bado hakuigusa. Anayeikata bila sababu huonekana mtu wa ovyo.

Mkusu wenyewe unadai heshima ya namna hiyo, kwa sababu si mti wa kuufuga kirahisi. Una dume na jike, na dume halizai. Mbegu yake haivumilii kuwekwa; isipopata udongo na unyevu mapema, inakufa. Anayepanda kwa mbegu husubiri miaka mingi, na pengine mwishoni akagundua amelea dume. Ndiyo maana wataalamu wa misitu wanaoyashughulikia matunda haya wanashauri miche ya kubebesha, inayotokana na jike linalojulikana kuzaa vizuri. Wakati mkulima anasubiri miche hiyo, njia ya uhakika zaidi ya kupata makusu ni ile aliyoifuata babu yake: kutokata.

Thamani ya matunda hayo ilimfikia hata mgeni aliyekuwa na haraka. Mwezi Septemba mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Tabora kumtafuta Livingstone. Njia ya kawaida ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya mtemi Mirambo, kwa hiyo aliuzungusha msafara wake kusini, kupitia Ukonongo na Ukawendi, nchi ambazo sehemu yake kubwa leo imo katika mkoa wa Katavi. Katika kitabu chake anayataja matunda ya misitu hii kwa majina aliyoyasikia, mbembu na singwe, na jinsi yalivyowafaa watu wake pale chakula kilipopungua. Watu wa Ukonongo hawakuwa wakiyaita mapambo ya pori. Mwaka wa vita au wa ukame, hayo ndiyo yaliyowavusha.

Warumi nao waliona mti wa matunda unastahili sheria. Katika Mbao Kumi na Mbili, sheria zao za kwanza kuandikwa, karibu mwaka 450 kabla ya Kristo, aliyekata miti ya mwenzake kwa uonevu alilipa vipande 25 vya shaba kwa kila mti. Sheria hizo hizo zilimruhusu mtu kuingia kwa jirani kuokota matunda yake yaliyoangukia huko. Tofauti ni kwamba wao walizichonga na kuzisimamisha hadharani. Za Katavi zimo vinywani mwa akina mama wa Buzogwe, na zinafanya kazi.

Mwembe, mgeni aliyekaa

Ukitoka Mpanda kuelekea magharibi, barabara inapanda milima ya Wilaya ya Tanganyika, kisha inateremka hadi Karema, ambako ziwa linafunguka ghafla, la buluu, na milima ya Kongo ikionekana ng'ambo siku ya hewa safi. Hapo michikichi inaanza kutawala. Akina mama wanakamua mawese, samaki aina ya migebuka wanachomwa kando ya maji, na chini ya miembe mikubwa yenye vivuli vya kutosha kijiji kizima wavuvi wanashona nyavu.

Mwembe si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni India na nchi jirani za Asia. Ulivuka bahari hadi pwani yetu, na kutoka pwani ulitembea na misafara ya biashara, misafara iliyobeba nguo na shanga kwenda bara na kurudi na pembe na watu waliofungwa minyororo. Mahali misafara ilipopiga kambi, Tabora, Ujiji na vituo vya katikati, kokwa zilidondoka au zilipandwa makusudi, na leo mstari wa miembe mikongwe bado unaweza kukuonyesha njia hiyo ilipopita. Hatuwezi kulila embe la Ujiji au la Karema na kusahau waliolibeba. Lakini mti wenyewe haukuwa na kosa. Uliingia katika historia chungu, ukaota, ukawapa kivuli wajukuu wa waliopita pale na mizigo shingoni.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwembe ni mgeni wa aina hiyo. Unazaa kuanzia Novemba hadi Januari, majira ambayo ghala la mwaka jana linakwisha na mahindi mapya bado ni majani. Katika nyumba nyingi za Katavi, embe asubuhi na embe jioni ndilo linalowavusha watoto katika miezi hiyo. Mti wa kigeni umejipachika pale ambapo kalenda ya chakula ilikuwa na pengo, na ndiyo sababu hakuna anayeuita wa kigeni tena.

Roma ilikuwa na habari kama hiyo. Plinius, mwandishi wa karne ya kwanza, anaeleza kwamba Italia haikuwa na mcheri mpaka jemadari Lucullus alipouleta kutoka Ponto, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, baada ya vita vyake na mfalme Mithridates, na kwamba ndani ya miaka 120 mti huo ulikuwa umevuka maji hadi Uingereza. Ushindi wa Lucullus wameusahau wengi. Cheri zinaliwa mpaka leo.

Karema imewapokea wageni wengi. Mwaka 1879 kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga hapa kituo kwa ajili ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, na ngome ikawa misheni. Miongoni mwa wote waliofika, ninayemstahi zaidi ni Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na akawatibu watu wa ziwa hili hadi alipofariki mwaka 1956. Wakuu wengi walikuja Karema na kuondoka. Atiman alikaa miaka 67, akazikwa nchi aliyoihudumia. Katika mkoa unaompima mgeni kwa alichokipanda na kwa muda aliokaa, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Kupanda ni kukaa

Kuna kanuni ambayo haikuandikwa popote lakini kila mkulima wa nchi hii anaijua. Ukiazimwa shamba au ukilikodi, utalima mahindi, karanga, mpunga, chochote kinachovunwa ndani ya mwaka. Hupandi mwembe. Ukipanda mwembe, mwenye shamba atakuja asubuhi yake kukuuliza una nia gani. Mti wa kudumu ni dai. Hata sheria za ardhi za mwaka 1999 zinaihesabu miti kuwa sehemu ya maendelezo ya ardhi, na fidia inapolipwa mtathmini huhesabu miembe na michungwa mmoja mmoja.

Shika kanuni hiyo, kisha nenda Katumba, si mbali na Mpanda, au Mishamo, kaskazini zaidi kwenye miyombo ya Wilaya ya Tanganyika. Makazi ya Katumba yalianzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mishamo ilifuata mwaka 1978. Watu walishushwa msituni. Walipewa ardhi ya kufyeka, na waliifyeka hata wakaanza kulisha masoko ya mkoa. Lakini kwa miaka zaidi ya thelathini walikuwa wakimbizi, watu wanaoweza kuambiwa warudi au wahame wakati wowote. Mtu wa hali hiyo, kwa hesabu ya kawaida, hupanda mahindi na kuvuna.

Wao walipanda migomba. Wametoka nchi ambayo nyumba bila migomba haijakamilika, ambako pombe ya ndizi hunywewa kwenye posa na kwenye msiba, na ambako mgeni hutambua boma kwa ukijani unaolizunguka. Wakapanda na miembe, mipapai, miparachichi. Mwaka 2007 Tanzania iliwafungulia mlango wa uraia, mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu yakakubaliwa, kisha ukaja mpango wa kuwahamishia mikoa mingine, ukaachwa, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Katika miaka yote hiyo ya kusubiri karatasi, miti ilikuwa inakua. Leo mtoto aliyezaliwa Katumba, ambaye kitovu chake kimezikwa Katumba, anakula embe la mti uliopandwa na babu yake wakati babu hakuwa na cheti chochote. Mimi naona ule ulikuwa ujasiri mkubwa: kupanda kitu kitakachozaa baada ya miaka mitano mahali ambapo hukuhakikishiwa mwaka mmoja.

Vergilius, mshairi wa Roma, alimweka mtu wa namna hiyo katika shairi lake la kilimo lililokamilika karibu mwaka 29 kabla ya Kristo. Ni mzee mmoja mgeni, mtu wa Kilikia, aliyeishi karibu na Tarentum kwenye kipande cha ardhi kilichoachwa, kisichofaa kwa ng'ombe, kwa nafaka wala kwa mizabibu. Akakitia mboga, maua, miti ya matunda na nyuki, akajiona tajiri sawa na wafalme. Mfafanuzi wa kale Servius alieleza kwamba mzee huyo alikuwa mmoja wa watu ambao jemadari Pompeius aliwahamisha kutoka kwao na kuwapa ardhi Italia. Kwa maneno mengine, alikuwa mtu wa makazi. Vergilius aliishi zama za majemadari na makaisari, na alimpa mkulima huyo wa kuhamia nafasi ya heshima katika shairi lake. Wakulima wa Katumba na Mishamo wanastahili heshima iyo hiyo katika maandishi yetu.

Maji na nyuki

Anayeipenda nchi hii hawezi kuisifu bila kusema inachohitaji. Mto Katuma hupita kwenye mabonde ya mpunga na bustani za Kakese na Mwamkulu kabla ya kuingia hifadhini, kujaza Ziwa Katavi na mbuga ya Chada, na kwenda zake Ziwa Rukwa. Ni maji yale yale. Mchicha, nyanya na kabichi zinazouzwa Mpanda zimenyweshwa na mto ambao viboko wa Sitalike wanausubiri chini. Kila kizuizi kinachojengwa juu bila hesabu huonekana chini wakati wa kiangazi, wanyama wakigombania tope. Bustani ni heshima ya mkulima, na maji ya kiasi ni heshima yake kwa walio chini ya mto, watu na wanyama, na kwa Katabi pia.

Miyombo nayo inakatwa kwa mkaa, kwa mashamba mapya, na kwa kuni za kukaushia tumbaku. Dawa mojawapo ipo tayari, na wenyeji waliijua zamani: nyuki. Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, ni nchi ya asali. Wafugaji wa huko hupandisha mizinga juu ya miti, ya magogo na ya magome na sasa ya mbao pia, na Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, mzaliwa wa Katavi, ameusemea ufugaji huo kwa miaka mingi. Mwenye mizinga ana sababu ya kulinda maua, na maua ndiyo mwanzo wa kila tunda, la porini na la bustanini. Asali ya Inyonga ikinunuliwa kwa bei nzuri, mkusu unapona shoka.

Anayetaka kuja, achague majira yake kwa kujua anachokitaka. Kuanzia Juni hadi Septemba atapata ukwaju mbivu na wanyama waliokusanyika kwenye maji. Mwishoni mwa Oktoba hadi Novemba barabara za hifadhini zinaanza kuteleza, lakini atazikuta mvua za kwanza, embe na makusu, na miyombo ikiwa imevaa majani mapya mekundu ambayo hayana mfano Tanzania nzima. Aje na muda. Awaamkie wenye miti, aombe kabla ya kuchuma, anunue asali kwa aliyeivuna.

Kwa muda mrefu tumeiita Katavi mkoa wa pembezoni, kwa sababu tumeipima kwa umbali wake kutoka pwani. Tuipime kwa kingine. Hapa mpita njia ana haki ya kula ashibe chini ya mti wa mtu, mkulima huacha mkusu katikati ya mahindi kwa hiari yake, na aliyefika bila kitu alipanda mwembe na kupata kwao. Warumi waliandika mambo kama hayo na sisi tunayasoma baada ya miaka elfu mbili. Ya Katavi yanaendelea kutendwa leo, na yanastahili kuingia katika vitabu vya shule vya watoto wetu, mbele ya risasi ya Mukwamba na kando ya viboko wa Sitalike.